Ubao wa Kazi Ukutani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Shughuli Nyingi

Wengi waliojaribu kutundika ubao wa kazi nyumbani wana lalamiko moja. Wiki ya kwanza unapendeza, ya pili unapitwa tu, ya tatu vikaratasi viko sakafuni na kazi zote zimerudi kichwani. Ukiuliza ubao ulikuwaje, utaambiwa ulikuwa na safu tatu: za kufanya, ninazofanya, nilizomaliza. Na ile ya katikati ilijaa pomoni.

Kasoro iko hapo katikati. Ubao usio na kikomo cha kazi zilizo wazi ni orodha tu iliyopanda ukutani.

Ubao tutakaojenga hapa umepangwa kustahimili mambo mawili ya Lamu: hewa ya chumvi, na kazi ambazo nusu yake humngoja mtu, boti au maji kujaa. Mfano wetu ni dada wa kufikirika wa mtaa wa Mkomani. Anasimamia nyumba ya wageni ya vyumba vinne, anapokea oda za keki na bajia za harusi, na ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama. Kofia tatu, kichwa kimoja.

## Vifaa kwanza

Usianze hatua yoyote kabla vifaa hivi havijawa mezani. Ukianza na nusu, utaishia na nusu.

- Kipande cha plaiwudi cha futi 4 kwa 3. Usinunue ubao mzima dukani. Muulize seremala vipande vilivyobaki.
- Mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, mnene kiasi, mita 8.
- Misumari minane ya kuezekea mabati, ile iliyopakwa zinki, na msumari mmoja mrefu zaidi.
- Vibanio vya nguo 15. Vitatu viwe vyekundu, au vipake rangi ya kucha.
- Karatasi za manila za rangi mbili, nyeupe na njano, pamoja na kipande kimoja chekundu. Zikate ziwe kadi za ukubwa wa kiganja.
- Maka peni nyeusi na penseli.
- Kikapu kidogo chenye mfuniko.

Kwa nini si vile vikaratasi vya kunata vinavyoonekana kwenye picha za maofisi? Kuta zetu za mawe na chokaa huvuta unyevu na kutoa vumbi jembamba. Gundi ya karatasi haishiki vumbi. Masika yakiingia, ukuta unatoa jasho na vikaratasi vinashuka kimoja kimoja usiku. Pini za kawaida nazo hushika kutu upesi na kuchafua kadi. Waya wa kibanio pia utapata kutu, lakini kibanio hakitoboi kadi na kukibadilisha ni rahisi.

Vibanio vina faida nyingine kubwa kuliko hiyo, nayo tutaifikia katika hatua ya tano.

## Hatua ya 1: Chagua ukuta unaopita mbele yake

Weka ubao mahali unapopita asubuhi kabla ya kutoka: karibu na mlango wa ndani, au kando ya meza ya jikoni. Chumba cha kulala hakifai, maana kazi zitakutazama usiku. Daka, yaani baraza la mlangoni, halifai pia. Kila mgeni atasoma mambo yako, na utaanza kuandika kadi za kuwapendeza watu.

Epuka ukuta unaotazamana na dirisha la baharini. Upepo wa kusi ukishika kasi, kadi zitapigapiga siku nzima na nyingine zitachomoka.

Kitovu cha ubao kiwe usawa wa macho yako. Usipigilie plaiwudi moja kwa moja kwenye plasta ya zamani, kwani itapasuka na kumeguka. Tundika kwa kamba kutoka kwenye ndoano au boriti, au uegemeze juu ya kabati.

Umefaulu ikiwa unaweza kusoma kadi iliyo juu ukiwa umesimama na kikombe cha chai mkononi, bila kusogea.

## Hatua ya 2: Gawanya safu na ufunge mishipi

Chora mistari mitatu ya wima upate safu nne, kisha uandike majina juu yake, kushoto kwenda kulia:

Foleni, kazi ulizokubali kuzifanya karibuni.
Mkononi, kazi unazozifanya sasa.
Inangoja, kazi ulizoanza lakini zimesimama kwa sababu ya mtu au kitu kingine.
Imekwisha, jina linajieleza.

Pigilia misumari minne kila upande, kisha ukaze mishipi minne ya mlalo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukivuta mshipi kwa kidole unapaswa kulia kidogo. Ukilegea, vibanio vyote vitateleza na kukusanyika katikati.

Panga vibanio hivi: saba kwenye Foleni, vitatu vyekundu kwenye Mkononi, vitano kwenye Inangoja. Safu ya mwisho haina kibanio. Pigilia pale ule msumari mrefu, ukiinamisha juu kidogo, uwe wa kuchomekea kadi zilizokwisha kama wenye maduka wanavyochomeka risiti.

Usiongeze safu. Nimeona mbao zenye safu nane, zikiwemo "karibu kuisha" na "imeisha lakini". Mwenye ubao hutumia muda mwingi kuamua kadi ikae wapi kuliko kuifanya.

## Hatua ya 3: Mwaga kila kitu kilicho kichwani

Tenga saa moja isiyo na watu, kwa mfano baada ya isha. Andika kila jambo unalodaiwa na mtu au na nafsi yako. Kadi moja, jambo moja. Usipange wala usichague, andika tu.

Rundo la dada yetu linaweza kuanza hivi: bomba la tangi la juu linavuja, shuka za wageni, hesabu ya chama, oda ya keki ya harusi, unga na mafuta kutoka Mombasa, ritani ya kodi ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), leseni ya biashara ya kaunti, kumtembelea bibi kijijini Matondoni, paa la makuti, kujifunza kuendesha matangazo ya nyumba mtandaoni.

Onyo: utashtuka ukiona wingi wake. Wengine huacha hapa hapa. Lakini kazi hizo hazikuongezeka usiku huo, zilikuwepo tayari zikikula usingizi wako.

Umefaulu ukikaa dakika tano nzima bila kukumbuka jambo jipya.

## Hatua ya 4: Pasua kadi kubwa

Hapa ndipo mbao nyingi huharibika kimyakimya. "Paa la makuti" si kazi, ni mradi. Ukiiweka Mkononi itakaa miezi, na kila asubuhi itakuambia kwamba hujafanya kitu hata kama umehangaika nayo kutwa.

Kipimo ni kimoja: kadi iwe jambo unaloweza kulimaliza kwa kikao kimoja au, likizidi sana, kwa siku moja. Ianze kwa kitendo, na ionyeshe mwisho wake. Paa la makuti linapasuka hivi:

- Pima urefu na upana wa paa la juu.
- Wapigie mafundi wawili, uandike bei zao.
- Mwonyeshe mwenye nyumba bei hizo, upate jibu.
- Lipa rubuni (malipo ya kwanza), mkubaliane siku ya kuanza.

Kadi ya kwanza tu ndiyo inayoingia kwenye Foleni. Nyingine zifunge kwa mpira nyuma yake au uziweke kwenye kapu. Hakuna haja ya kuangalia kadi ya rubuni wakati paa halijapimwa.

Ukiwa na penseli, andika pembeni tarehe ya mwisho ikiwa ipo kweli. Ritani ya KRA ya mtu binafsi ina tarehe halisi: Juni 30, kwa mapato ya mwaka uliotangulia. Andika Juni 30, lakini kadi iingie Foleni mapema Mei, kabla mtandao haujalemewa na Wakenya wote wanaongoja siku ya mwisho. Tarehe za kujitungia usiziandike. Ukizivunja mara mbili tatu, macho yako yatazoea kupuuza hata zile za kweli.

Sasa chagua kadi saba za kuingia Foleni. Zote zilizobaki ziingie kwenye kikapu, na mfuniko ufungwe. Kadi iliyo kwenye kikapu hukuikataa, ila haikuhusu wiki hii.

## Hatua ya 5: Vibanio vitatu, basi

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, fuata hii.

Safu ya Mkononi ina vibanio vitatu vyekundu. Kadi isiyo na kibanio haikai pale. Vikijaa, huanzi kitu kipya mpaka umalize kimoja, au ukubali waziwazi kukirudisha Foleni. Kikomo kilichoandikwa kwa maka peni watu hukivuka bila kujua, ilhali kukosa kibanio kunakufanya usimame. Ndiyo faida niliyokuahidi.

Sababu ni ya hesabu, haihusiani na nidhamu wala tabia njema. Chukua idadi ya kazi zilizo wazi kwa pamoja, ugawe kwa idadi unazomaliza kwa wiki. Utapata wastani wa wiki ambazo kila kazi itakaa kabla ya kuisha. Tuseme dada yetu anamaliza kazi tatu kwa wiki. Akiwa ameanza kumi na mbili, kila moja itachukua wiki nne kwa wastani. Akiwa na tatu tu, kila moja itachukua wiki moja. Nguvu zake ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye keki hangoji mwezi mzima nyuma ya bomba, hesabu na shuka.

Na hiyo ni hesabu ya upole, kwa sababu inadhani kuruka kutoka kazi hii hadi ile hakuna gharama. Kuna gharama. Ukiacha hesabu ya chama katikati ili umpokee fundi wa bomba, ukirudi utaanza kujumlisha upya kutoka juu. Methali ya mshika mawili kila mtu anaijua, na kila mtu ameshika saba.

"Kwa nini tatu, si moja?" Moja ni bora kwa mtu anayekaa chumbani akiandika kitabu. Kwetu mtu hupigiwa simu, mwenye funguo hayupo, umeme unakatika keki ikiwa kwenye oveni. Ukiwa na kadi moja tu, siku itakukwama. Tatu zinakupa pa kugeukia. Ikiwa umeajiriwa kutwa na ubao ni wa mambo ya nyumbani pekee, weka viwili.

Shida ya kikomo haitatoka kwenye ubao, itatoka kwa watu. Shangazi atakuja na kusema, "Mwanangu, utanipikia keki ya Jumamosi?" Kumkatalia shangazi hakuna adabu, na kumkubalia bila nafasi ni kumdanganya. Jibu liwe, "Shangazi, naiandika sasa hivi. Nipe mpaka kesho asubuhi nitazame mkono wangu, nitakupigia inshallah." Kisha uandike kweli mbele yake, na kesho umpigie kweli. Watu wa mji huu huvumilia kungoja. Wanachochukia ni kuzungushwa.

Umefaulu ikiwa angalau mara moja kwa wiki umetaka kuanza jambo, ukakosa kibanio, ukarudi kumaliza la zamani ukinung'unika. Usiponung'unika hata siku moja, huenda kikomo chako ni kikubwa mno.

## Hatua ya 6: Safu ya Inangoja, na jinsi ya kuizuia isiwe kaburi

Umeagiza unga na mafuta Mombasa. Umelipa kwa M-Pesa, mzigo uko njiani kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, ukifika utavushwa kwa boti mpaka gati la Lamu, kisha punda au mkokoteni. Huna la kufanya kwa sasa. Kadi hiyo ikibaki Mkononi inakula kibanio bure, na ukiirudisha Foleni utasahau kwamba pesa zimeshatoka. Ndiyo maana safu hii ipo.

Lakini ina sharti. Kadi haiingii Inangoja bila mambo mawili kuandikwa nyuma kwa penseli: namngoja nani na nitamuuliza lini. "Fundi wa bomba, Jumanne asubuhi." "Ofisi ya kaunti kuhusu leseni, Alhamisi." Kadi isiyo na jina wala siku haingoji kitu. Imetupwa.

Siku uliyoandika ikifika, piga simu au tembea. Hakuna jibu? Andika siku mpya. Ukishaandika siku ya tatu bila jibu, chagua mojawapo: tafuta fundi mwingine, au itoe kadi ubaoni. Watu wengi wana kadi ya fundi mmoja asiyekuja, iliyokaa ukutani tangu kaskazi mpaka kusi.

Kazi za baharini zina kanuni yake. Ikiwa unasafirisha kitu kwenda Pate au Faza, boti hupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na pale maji yakipwa njia haina kina. Maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo "kesho saa ileile" haiko. Muulize nahodha saa ya maji ya siku hiyo, uiandike kwenye kadi. Kadi ya namna hii itumie rangi ya njano, ili asubuhi uione kwanza: kazi nyingine zinaweza kungoja, maji hayangoji. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na nafasi ya kosa inapungua.

Vibanio vitano vya safu hii navyo ni kikomo. Vikijaa, acha kuanzisha mambo mapya yanayotegemea watu. Tumia asubuhi nzima kufuatilia yale matano.

## Hatua ya 7: Dakika tano kila asubuhi

Fanya hivi kabla ya kushika simu. Soma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, na utaratibu huo una sababu yake: ukianzia Foleni utavutiwa na jipya.

Kwanza Inangoja: nani wa kuulizwa leo? Pili Mkononi: ipi iko karibu zaidi kuisha, na imebakiza nini? Ianze hiyo. Kukiwa na kibanio kitupu ndipo utazame Foleni, uchukue kadi moja.

Huhitaji kupanga saa kwa saa. Lakini inasaidia kujua kadi ipi ni ya kabla ya adhuhuri, wakati kichwa bado kimepoa, na ipi ni ya baada ya alasiri. Hesabu ya chama iwe asubuhi. Kupeleka shuka kwa dobi kunaweza kungoja jua lipungue.

Kazi ikiisha, ichomeke msumarini mara moja, usingoje jioni. Mkono unapenda kitendo kile kuliko unavyofikiri.

## Hatua ya 8: Ijumaa, safisha

Ijumaa baada ya alasiri panafaa, kwa kuwa mji umetulia kidogo. Nusu saa inatosha.

Ondoa kadi zote msumarini, uzihesabu, uandike idadi na tarehe kwenye daftari. Baada ya wiki tano au sita utajua kasi yako halisi, na ndiyo utakayotumia kumjibu mtu anayeuliza "lini?". Kisha fungua kikapu, upitie kadi zote, ujaze nafasi za Foleni. Kadi uliyoipita Ijumaa nyingi bila kuiinua, ichane. Ikiwa ni ya muhimu, itarudi yenyewe kupitia mdomo wa mtu.

Angalia pia kofia zako. Ikiwa kadi zote zilizokwisha ni za nyumba ya wageni na hakuna hata moja ya chama, wanachama watakukumbusha, na hawatakukumbusha kwa upole.

## Dharura, misiba na Ramadhani

Ile manila nyekundu ni ya kadi moja tu: dharura. Tangi limepasuka na wageni wako juu. Kadi nyekundu hukaa juu ya Mkononi bila kibanio, ikibandikwa kwenye mshipi kwa kukunjwa, na nyingine zote husimama mpaka iondoke. Ukijikuta unataka nyekundu ya pili, basi ya kwanza haikuwa dharura.

Msiba ukitokea, geuza kadi zote za Mkononi zitazame ukuta. Hutegemewi kuzifanya, na hazitakulaumu kila unapopita. Ukirudi, zigeuze moja moja.

Ramadhani toa kibanio kimoja chekundu, na wiki ya Maulidi mji ukifurika wageni, mwenye nyumba ya kulaza watu atoe kingine. Watu huongeza kazi katika misimu hii kwa kuwa mapato yako hapo, na ni kweli yapo. Ndiyo sababu kadi za paa na matangazo zikae kikapuni mpaka wageni waondoke.

## Kama ungependa simu

Programu za ubao kama Trello zinafanya kazi ileile, na zinafaa mtu anayesafiri. Tatizo ni kwamba simu huuficha ubao nyuma ya ujumbe wa WhatsApp, na nyingi hukuacha uweke kadi hamsini Mkononi bila kelele. Anza na ukuta. Ukishazoea kikomo, hamia unakotaka.

## Watu wawili, ubao mmoja

Mume na mke, au dada wawili wa duka moja, wanaweza kushirikiana, ila kila mmoja awe na vibanio vyake vya rangi yake, viwili kila mtu. Foleni ni ya wote. Anayechukua kadi hubana kwa kibanio chake, na mwenzake haigusi bila kuuliza.

Marufuku moja: usimbandikie mwenzako kadi kwenye Mkononi. Iweke Foleni, umwambie, na yeye ndiye atakayeiinua akipata nafasi. Ikiwa hakuna anayeiinua kwa Ijumaa mbili mfululizo, kaeni chini muulizane kama kazi hiyo inatakiwa kweli, au ni ya kumlipa kijana wa mtaani aifanye.